Mlango wa Dharura, Ufunguo Kijiweni

Alhamisi iliyopita, saa nne na robo usiku, niligundua kwamba mlango wa dharura wa jengo letu haupo kwa ajili ya dharura zetu.

Chenyewe kilichotokea ni cha kuchekesha, ukikisimulia mchana. Jirani wa ghorofa ya pili alibandika maharage, akaketi kutazama mpira, usingizi ukamchukua. King'ora kikalia. Hakuna aliyeinuka, kwa sababu king'ora chetu hulia kila umeme ukirudi, na wakazi wa Dar hamhitaji kuambiwa umeme hurudi mara ngapi kwa wiki. Mke wangu ndiye aliyenusa. Kufungua mlango, koridoni moshi umetanda na ngazi za kati hazionekani. Nikambeba mdogo, mkubwa nikamshika mkono, mbio hadi ngazi za nyuma, kule kwenye kibao cha kijani chenye kijitu kinachokimbia. Kumbe kijitu chenyewe kinakimbilia kufuli. Solex, tena lile kubwa.

Ufunguo anao mlinzi. Mlinzi yuko kijiweni, anakunywa kahawa.

Vijana wa ghorofa ya tatu walivunja mlango wa jirani, wakatoa sufuria, basi. Asubuhi nikauliza kwenye grupu la wakazi, kwa adabu zangu zote, kulikoni mlango wa dharura kufungwa. Meneja wa jengo akajibu: "Ndugu wakazi, mlango huo hufungwa saa mbili usiku kwa usalama wenu." Akaongeza na vile viganja viwili vilivyokutana.

Kwa usalama wenu! Yaani mchana, watu wako macho, nusu wako kazini, mlango uko wazi. Usiku, watoto wamelala na kila mtu amevua miwani, unafungwa. Hata moto ungekaa kupanga ratiba usingeipata nzuri kama hiyo.

Wenye majengo wengi wanadhani ngazi za pili ni za mapambo, kitu kilichochorwa ili ramani ipite halmashauri. Ngazi za kati moto ukianzia chini ni bomba la moshi. Moshi unapanda, nawe unashuka. Mnakutana katikati, na katika mkutano huo wewe ndiye mgeni. Wengi wanaokufa kwenye moto wa majengo miali haiwafikii kabisa, moshi huwamaliza kwanza. Ndiyo maana zikawekwa njia mbili. Ukifunga moja, umejenga nyumba ya njia moja na ukapaka rangi ya kijani kwenye uongo.

Na kufuli hili lina ukoo. Machi 25, 1911, New York, kiwanda cha blauzi cha Triangle kilikuwa ghorofa ya nane hadi ya kumi. Ghorofa ya tisa mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa, kwa kuwa wenye kiwanda walitaka mabinti watokee upande mmoja, mikoba ikaguliwe, wasije wakaondoka na kitambaa. Moto ulipowaka, msimamizi mwenye ufunguo alikwishatoka kwa njia nyingine. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, na wengi walijirusha madirishani. Mwenye ufunguo, angalieni, alipona. Sikuweza kulisoma hilo bila kumwona mlinzi wetu na kikombe chake.

(Simlaumu mlinzi. Ni mtu mmoja, usiku kucha, kwa geti, jenereta na pampu ya maji. Akitoka dakika kumi kunywa kahawa ana haki yake. Aliyempa roho za watu wote wa jengo kwenye shada la funguo ndiye nina shida naye.)

Mtaniambia hayo ni ya kale na ya ughaibuni. Haya, shule ya Kyanguli, Kenya, 2001: walikufa wavulana 67, bweni la milango miwili, mmoja umefungwa, madirisha yana nondo. Nairobi, Januari 2009, moto wa supamaketi ya Nakumatt ya katikati ya jiji: walionusurika walisimulia milango ilivyofungwa kuzuia uporaji. Johannesburg, Agosti 2023, jengo la Usindiso, mali ya jiji lenyewe: walikufa watu 76, na Watanzania wenzetu wamo; huko nako kulikuwa na mageti yaliyofungwa. Kila aliyefunga alikuwa na sababu nzuri. Mwizi, mporaji, mtoro.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wezi wapo. Mwaka jana waliingia kwa mlango huohuo wakaondoka na betri za inveta za watu wa ghorofa ya kwanza, na katika waliopiga kelele kwenye grupu nilikuwemo. Lakini mlango wa kusukuma kwa tumbo umeshabuniwa zaidi ya miaka mia! Ndani una nondo ya kulala, unaiegemea, unafunguka. Nje hauna hata kitasa. Ukitaka, weka na kengele inayolia mlango ukifunguliwa. Tunalipa ada ya huduma kila mwezi, na bustani ya pale getini imebadilishwa maua mara mbili mwaka huu. Maua mazuri, sikatai.

Mitungi ya kuzimia moto tunayo. Wa ghorofa yetu mshale umelala kwenye nyekundu tangu tuhamie. Kibao cha mahali pa kukusanyika kipo, na chini yake huegeshwa gari la mwenye jengo. Cheti cha zimamoto kimewekwa fremu pale mapokezi, halali kabisa, kwa sababu wakaguzi huja mchana, kufuli halipo, na usiku hurudishwa. Na ninyi mnaopenda kuwatania zimamoto kwamba huja bila maji: piga 114, waje, halafu waelekeze wapite wapi katika mtaa wetu uliojaa magari pande zote mbili.

Jumamosi nikapanda kumsalimia bibi wa ghorofa ya sita. Magoti yake yamekwisha, na lifti moto ukitokea haipandwi. Usiku ule alikaa kitandani akisikia watu wanakimbia. Hakuna aliyemgongea, mimi nikiwemo, ambaye kila Idi hula biriani yake. Akaniuliza bila hasira, kama anauliza bei ya nyanya: "Mwanangu, mimi nitateremshwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikashuka, nikachukua karatasi, nikaandika wasioweza kushuka wenyewe: bibi, mama mjamzito wa namba 14, kijana wa magongo wa ghorofa ya nne. Mbele ya kila jina nikaacha nafasi ya majina mawili ya watakaowafuata. Kwa bibi nimeandika langu, na nafasi ya pili amejaza yule wa maharage. Nyingine bado ziko wazi. Mwenye kutaka kujaza, karatasi nimeibandika kwenye mlango wa nyuma, juu kidogo ya kufuli.