PS2 ya Jirani Haikufa, Lenzi Ndiyo Iliyochoka

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Makadara, Mombasa, alitoa nje PS2 yake (PlayStation 2, mashine ya kuchezea gemu kwenye TV) akaiweka juu ya gunia la taka. Nikamuuliza, "Ami, hiyo waitupa?" Akasema imekufa, haisomi CD hata moja, na kijana wake ataka mashine ya kisasa. Nikamwomba anipe. Jioni ileile ilikuwa yacheza mpira kwenye TV yangu.

Nasema hivi kwa sababu naumia kuona mashine hizi zikitupwa. Mara nyingi kinachochoka kwenye PS2 ni lenzi tu, lile jicho linalosoma diski. Grisi ya reli zake hukauka, na vumbi na hewa yetu ya chumvi humalizia kazi. Fundi anaweza kuisafisha au kuibadilisha, lakini siku hizi hata si lazima. Ipo programu iitwayo FreeMcBoot, ambayo huwekwa kwenye memori kadi ya MB 8. Ukiwasha, mashine huanzia hapo, halafu programu nyingine, Open PS2 Loader, husoma gemu kutoka kwenye flashi. Lenzi haiguswi kabisa. Mimi nakala za gemu nilizitoa kwenye diski zangu mwenyewe kwa kompyuta.

Njia hiyo ina kasoro yake, na anayetaka kuijaribu aijue mapema. Matundu ya USB ya PS2 ni ya aina ya 1.1, ya polepole kuliko hata kasi ya diski yenyewe. Mechi huenda vizuri, ila zile video za katikati ya gemu hukwamakwama. Ukiwa na ile PS2 nyembamba iliyotoka mwaka 2004, ina tundu la waya wa mtandao. Iunganishe na kompyuta na kukwama kutapungua sana. Nayo PS2 nyembamba za mwisho kabisa huikataa FreeMcBoot, kwa hivyo uliza kabla ya kununua kadi.

Watu huniambia mashine ya mwaka 2000 haina nguvu. Ni kweli ukihesabu kwa namba: RAM yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni MB 32, na kumbukumbu ya picha ni MB 4 tu. Simu ya bei ya chini kabisa inaishinda kwa mbali. Lakini zile MB 4 zimewekwa ndani ya chipu ya picha yenyewe, na data hupita humo kwa kasi ya GB 48 kwa sekunde. Ni kama jiko dogo ambalo mpishi amepanga kila kitu mkononi mwake: hakuna pa kuweka akiba, basi kila kiungo huletwa kinapohitajika na kuondolewa papo hapo. Waundaji wa gemu walichukua miaka kuuzoea upishi huo. Ndiyo maana gemu ya San Andreas ya mwaka 2004 iliweza kukupitisha mji baada ya mji, huku diski ikileta barabara iliyo mbele yako wakati uko mbioni. God of War II ilitoka 2007, PS3 ikiwa tayari sokoni, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi nzuri zaidi iliyowahi kutoka kwenye chuma hiki. FIFA 14 na PES 2014 bado zilitolewa kwa PS2, mwaka 2013, uleule ilipozaliwa PS4. Mashine hii ilionyesha uwezo wake ikiwa imeshaitwa kizee.

Sisi wa vibanda vya gemu twalijua hilo bila namba. Nilipokuwa shule tulilipa shilingi 10 kwa mechi, aliyefungwa atoka, anayefuata akae. Hakuna aliyeulizwa bando. Mashine mpya nyingi zataka kwanza kushusha GB kadhaa ndipo mtoto acheze, na nyumbani kwetu intaneti ni kitu cha kuhesabiwa. PS2 ukiiwasha, yacheza.

Kuhusu picha kuonekana mbaya kwenye TV bapa, tatizo kubwa ni ule waya wa manjano. Tafuta waya wa komponenti, wenye vichwa vitano, uone tofauti. Na kama nyumbani bado kuna TV ya kichogo, tafadhali usiiuze. PS2 ilitengenezwa kwa ajili yake.

Baada ya Isha ami alipiga hodi. Alikuwa amesikia kelele za mashabiki kupitia dirishani. Alisimama kidogo mlangoni, kisha akavua viatu, akakaa mkekani akachukua pedi ya pili. Tulicheza mechi tatu, naye akashinda ya mwisho. Kabla ya kuondoka aliniuliza flashi inunuliwe ya GB ngapi.