Kompyuta yangu yagoma kuristati

Jamani hii kompyuta ya hapa nyumbani imeniamulia. Ukiizima inazimika, ukiiwasha inawaka kwa adabu zake zote, lakini thubutu uiambie iristati, yaani ijizime na kujiwasha yenyewe! Vidoti vinazunguka wee kama tuktuk inayotafuta abiria Mwembe Tayari, kisha skrini yawa nyeusi. Feni ndani yavuma, taa yawaka, na hakuna kitu. Ni kama feri ya Likoni, waiona kabisa ipo ng'ambo, haiji.

Dawa yake ni kuingia chini ya meza kuchomoa waya ukutani, na mimi na hiki kitambi changu na joto hili la Majengo, nikitoka huko kikoi kimeloa utadhani nimetoka kuogelea.

Sasa ushauri. Hapa kwetu ukikohoa tu mlangoni washapita madaktari watatu. Ami wa nyumba ya chini akaniambia "mwanangu hiyo ni chumvi ya bahari, Mombasa chuma hakidumu", na hapo sikumbishia maana hata bawaba za dirisha langu zishakuwa unga. Kijana wa saiba yeye akasema ni ule mtindo wa kuwaka haraka, ati tangu Windows 8 ukiizima kompyuta haizimiki yote, huweka sehemu ya mambo yake kwa diski ili ikiwashwa iamke upesi, ukiristati ndo inaanza kweli mwanzo. Yaani miaka yote hii nikiizima usiku najua imelala, kumbe imesinzia tu inanisikiliza! Nikauondoa huo mtindo. Nikaristati. Vidoti. Vidoti. Kimya.

Nkaita fundi. Fundi kafungua, katoa vumbi la kufinyangia chungu na mende mmoja marehemu, kachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, kaisugua meno kwa raba ya watoto ya kufutia (raba hajarudisha mpaka leo), kisha akabadilisha ile betri ya CR2032, ya duara kama shilingi, volti 3, nilipomuuliza kazi yake nini akasema ndo inayoikumbusha kompyuta saa ikiwa haina stima. Mimi wala sikulalamikia saa! Haya, shilingi 1500. Akaizima, akaiwasha, ikawaka, "si waona bosi iko sawa", nikamwambia hapana yakhe, RISTATI, mimi shida yangu ni kuristati, akatazama simu yake akasema ana mteja Nyali yuwamngoja.

Wiki nzima nimekaa hivyo, kila apdeti ikija naisogeza mbele kama deni la dukani.

Juzi usiku mamake watoto akaja kuuliza flashi ya harusi ya mdogo wake iko wapi.

"Flashi gani?"

"Ile uliyoichomeka mwenyewe huko nyuma ya kompyuta, ukatwambia mtu asiiguse."

Wallahi nilihisi baridi, na feni ilikuwa imezimwa. Nkaingia chini ya meza, nkaichomoa, nkaristati. Ikawaka kabla sijainuka! Kumbe kila nikiristati bayosi, ile programu ya kuiamsha kompyuta, ilikuwa inaanza kwa hiyo flashi, inaipekua kutafuta Windows, na mle ndani mna bibi harusi na keki tu. Na ukiristati moto wa USB haukatiki, flashi inabaki vile vile ilivyoduwaa, ndo maana mpaka uchomoe waya ukutani ndo nayo ipate kuzinduka. Nimeristati mara sita, mara ya saba mamake watoto akaniuliza kama niko sawa.

Asubuhi nimekaa na mahamri na mbaazi zangu, ami akapita. "Vipi mwanangu, imepona?"

Nikamwambia imepona ami, ilikuwa mambo ya bayosi, ni marefu kidogo.

"Si nilikwambia," akasema, "chumvi."

Nikatia hamri mdomoni.