Kisahani cha Maabara Hakina Ini

Ujumbe ule umerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp, safari hii ukiwa na picha ya hadubini: stafeli huua saratani mara 10,000 kuliko tibakemikali, imethibitishwa maabara, na unga wa majani yake unapatikana kwa bei ambayo maabara haikuithibitisha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tarakimu hiyo haikubuniwa. Ilitoka katika utafiti wa mwaka 1996 uliochunguza mbegu za stafeli, wala si majani, na kukuta kwamba kemikali moja iliyotengwa humo iliishinda adriamycin, dawa ya tibakemikali, kwa kiasi hicho dhidi ya seli za saratani ya utumbo mpana zilizokuzwa ndani ya kisahani. Mbegu zikageuka majani, kemikali moja ikageuka chai, na kisahani kikageuka mama wa mtu mwenye uvimbe kwenye titi.

Kuua seli ndani ya kisahani ni kazi nyepesi. Hata Jik inaziua. Mtafiti huzimwagia dondoo la mmea, huzitia rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau, kisha hupima zambarau iliyopatikana. Kipimo hicho kina maana yake, lakini seli hizo hazina tumbo la kumeng'enya dawa, ini la kuivunjavunja, wala mishipa ya fahamu ya kuumizwa nayo. Na ripoti isiyosema dondoo hilohilo lilizifanya nini seli zenye afya haijamwambia mgonjwa lolote la kumfaa.

Anayedhani kwamba naidharau miti yetu aitazame Kwale, pwani ya Kenya. Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya takribani tani 27 za kichaka cha Maytenus buchananii kutoka Shimba Hills, ikiifuata maytansine, kemikali ambayo mwanakemia Kupchan na wenzake walikuwa wameitangaza mwaka 1972 na ambayo iliua seli za saratani kwa dozi ndogo mno. Ilipowafikia wagonjwa iliwatapisha, ikawaharisha na kuwaathiri mishipa ya fahamu, huku nafuu yenyewe ikiwa haba, hata majaribio yakaachwa. Wanakemia walilazimika kuifunga kemikali ya jamii yake kwenye kingamwili inayozitambua seli za saratani, ili sumu ifunguke ndani ya seli hizo badala ya kuzagaa mwilini, na dawa hiyo, trastuzumab emtansine, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa aina mojawapo ya saratani ya matiti. Ni safari ya miaka 40 na ushei, ambayo muuzaji wetu anaimaliza kwa bodaboda kabla ya adhuhuri.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba vincristine inayotibu watoto wenye saratani ya damu ilitoka kwenye ua la Madagaska, na kwamba watafiti wetu wengi hukwama kwenye kisahani kwa kukosa fedha za hatua zinazofuata. Basi wanaowatangazia matokeo yao waandike "seli", wasiandike "saratani".

Na huko Guadeloupe, visiwa vya Karibi, tangu mwaka 1999 madaktari wamekuwa wakihusisha ulaji wa stafeli na unywaji wa chai ya majani yake na maradhi yanayofanana na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke na kukakamaa, kwani kemikali ya annonacin iliyomo humo, ikijaribiwa ndani ya kisahani, huua seli za ubongo. Huo nao ni ushahidi wa maabara, ila sijaona aliyeusambaza.