Lost ilivyoisha: tulitegewa kitendawili tukapewa hadithi

Kuna watu mpaka leo ukiwatajia Lost, ile tamthilia ya TV ya abiria walioangukia kisiwani na ndege, wanakunja sura, na hiyo ngoma iliisha tarehe 23 Mei 2010 kwenye kituo cha ABC Marekani, kitambo hicho. Juzi nilikuwa na binamu yangu tunaongea mambo mengine kabisa, akaniambia eti ile sizoni ya mwisho walituibia, kumbe wote walishakufa tangu ndege ilipodondoka. Nikamwambia kaa hapo hapo, hilo tulimalize kwanza.

Hawakufa kwenye ndege jamani. Ndege yao, Oceanic 815, inatoka Sydney kwenda Los Angeles, inakatika vipande angani, walionusurika wananusurika kweli na kila kilichotokea kisiwani kilitokea kweli. Cha baada ya kufa ni ule upande wa pili wa sizoni ya 6 tu, ule ambao ndege haikuanguka na Jack, staringi wetu, ana mtoto wa kiume, huko kila mtu alifika kwa siku yake. Na hawakuficha, baba yake Jack anamwambia wazi kanisani kwamba kila mtu hufa, wengine walikutangulia na wengine wamekufa muda mrefu baada yako. Halafu kuna Hurley na Ben, wenzake Jack wa kisiwani, pale nje ya kanisa wanasifiana, wewe ulikuwa namba mbili mzuri, na wewe ulikuwa namba moja mzuri, maana yake Jack alipokufa wao walibaki wanakisimamia kisiwa miaka sijui mingapi. Sasa marehemu wa kwenye ndege angekisimamia vipi?

Ila siwalaumu sana walioelewa vibaya, maana ABC wenyewe walichangia. Mwishoni wakati majina yanapita waliweka picha za mabaki ya ndege ufukweni, hakuna mtu hata mmoja, kimyaaa. Kwao ilikuwa ya kuwapa watu nafasi ya kupumua kabla ya taarifa ya habari, lakini mtu ambaye miaka 6 amefundishwa kwamba kila kitu humu ni fumbo unamwonyesha ufukwe mtupu unategemea aelewe nini? Na tena waandishi, Damon Lindelof na Carlton Cuse, walisisitiza miaka mingi kwamba hapo si toharani, pale roho zinaposafishwa kabla ya mbinguni, halafu dakika za mwisho unaonyeshwa kitu kinachofanana na toharani kama pacha. Kisheria wako sawa, walichokataa ni kisiwa kuwa toharani, na kisiwa hakikuwa. Ila ni usawa wa wakili huo.

Sasa tukiliondoa hilo, malalamiko halisi yanabaki, na hapa ndipo mimi mwenyewe huwa nayumba. Unajua kitendawili kina sheria zake. Mtu anasema kitendawili, mnasema tega, mnahangaika wee mnashindwa, anaomba mji mnampa, baada ya hapo jibu ni haki yenu, hana pa kukimbilia. Lost walitega kweli. Walitutegea namba 4, 8, 15, 16, 23 na 42, walitutegea dubu mweupe kwenye kisiwa cha joto, mtoto Walt na nguvu zake za ajabu, wajawazito wanaokufa, moshi mweusi unaoua watu. Na mji tulishawapa, miaka 6 mizima, tuliwapa na Mombasa na Zanzibar juu. Baadhi walijibu, dubu waliletwa na wale jamaa wa Dharma, kikundi cha watafiti kilichokuwa kisiwani, kwa majaribio yao, namba kila moja ilikuwa na mtu wake kwenye orodha ya Jacob, mlinzi wa kisiwa, 23 ni Jack, 8 ni Hurley. Lakini kwa nini namba hizo na si nyingine? Mwisho wa yote tukapelekwa kwenye pango lenye mwanga, katikati kuna jiwe limeziba kama kizibo cha chupa, mwenzao Desmond anachomoa, Jack anarudisha, kwisha. Aisee. Nilicheka usiku ule, na sikucheka kwa furaha.

Halafu kuna hili la ule upande wa pili, ambalo naona halisemwi vya kutosha. Karibu nusu ya sizoni ya mwisho, muda ambao ungetumika kujibu, ulienda kwenye maisha ambayo mwisho wake unaambiwa hayakubadilisha chochote kisiwani. Na hata huko kuna mambo ya ajabu, Sayid, mmoja wa walionusurika, miaka yote analia na Nadia, mwanamke aliyemtafuta nusu ya dunia, halafu akhera anawekwa na Shannon, abiria mwenzake ambaye walikuwa pamoja wiki chache tu. Nani alikaa akaamua hivyo?

Wanaotetea nao wana lao, na si dogo. Wanasema hii ilikuwa hadithi ya watu tangu episodi ya kwanza, inafunguka kwa jicho la Jack msituni na inafungwa kwa jicho lile lile kwenye mianzi ile ile, mbwa Vincent anakuja kulala pembeni yake ili asife peke yake. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua staringi hafi, hiyo ni katiba, na hapa staringi anakufa na unaona kabisa ilibidi. Mimi nililia, sioni aibu kusema. Jin na mkewe Sun wanavyokufa kwenye nyambizi ndio usiseme. Wanasema pia kwamba majibu mengi yangeharibu, na ushahidi upo, kila walipokaa kueleza mambo ya Jacob na nduguye na ule mwanga mvuto ulipungua.

Na tuwe wakweli, kiwanda cha TV ya Marekani enzi zile kilikuwa hakijui kumaliza. Mradi watu wanatazama, endelea. Lindelof na Cuse walipigania mpaka 2007 ndipo wakapewa tarehe ya kumalizia, kabla ya hapo walikuwa wanavuta muda waziwazi, ndio tukapata ile episodi nzima ya Jack na tatuu zake za Thailand ambayo sijakutana na anayeipenda. Kwa hiyo kitendawili kingine kilitegwa na mtu ambaye alikuwa hajui ataambiwa ajibu lini. Hiyo inaeleza, ila haifuti deni, kwa sababu waliendelea kutega hata baada ya tarehe kujulikana.

Lindelof alikuja kuacha Twitter 2013, miaka 3 baada ya mwisho ule watu walikuwa bado wanamfuata na matusi. Hilo nalo lilipitiliza, ni TV tu jamani.

Binamu nilimwelewesha mpaka akakubali la ndege. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, haya, na ile sizoni ya 5, kina Sawyer wako kwenye ule mtumbwi kama ngalawa, wanapigwa risasi kutoka mtumbwi wa nyuma, Juliet anarudisha anampata mmoja, wale walikuwa kina nani?

Nikamwambia tule kwanza.