Kinachowaka kwenye PET si lazima kiwe saratani

Siku hizi Nairobi, mtu akishaambiwa ana saratani, ndugu hawakawii kumuuliza: "PET umefanyiwa?" PET ni kipimo cha picha kinachosaka saratani mwilini, na zamani kidogo swali hilo lilikuwa na maana ya kutafuta tiketi ya India. Mwaka 2018 Hospitali ya Aga Khan ikaleta huduma hiyo jijini, na baadaye hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikapata yake, pamoja na saiklotroni, mtambo unaotengeneza dawa ya kipimo chenyewe. Nimefurahi kama kila mtu. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi kipimo kilichokuwa adimu kinavyogeuka kuwa cha lazima kabla hatujaulizana kinamfaa nani.

Siri yake ni ulafi wa saratani. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aliona kwamba seli za uvimbe hula sukari kupita kiasi. Kwa hiyo mgonjwa hufunga kula kama saa sita, akadungwa sukari iliyobebeshwa florini-18 yenye mnunurisho, akatulia karibu saa moja, kisha akapitishwa kwenye mashine. Penye seli zenye njaa panawaka. Florini hiyo hupungua nusu kila dakika 110, hivyo haiwekwi akiba ya kesho, wala haisubiri foleni ya Thika Road.

Wanaokitetea wana ushahidi mzito. Uholanzi, mwaka 2002, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 188 waliodhaniwa kuwa na saratani ya mapafu. Waliopimwa kwa njia za kawaida, asilimia 41 walipasuliwa kifua bila faida. Walioongezewa PET, asilimia 21. Anayesema kipimo hiki ni ghali aweke hesabu hiyo mezani, kwa sababu kupasuliwa kifua bure nako kuna bei, na si ya shilingi tu. Uingereza nayo, mwaka 2016, ilitoa matokeo ya wagonjwa 564 wa saratani ya kichwa na shingo. Nusu walipangiwa kutolewa matezi ya shingo, nusu wakafuatiliwa kwa PET baada ya matibabu na kupasuliwa pale tu ilipobidi. Kundi la kwanza lilifanyiwa upasuaji mara 221, la pili mara 54, na uhai wao ukalingana.

Lakini Uholanzi na Uingereza hazina kifua kikuu kama chetu. Hapa ndipo hoja ya upande wa pili inaponishika, kwa kuwa saratani si mlafi peke yake mwilini. Seli za kinga zinazopambana na TB nazo hula sukari kwa pupa, na kovu bichi la TB kwenye pafu linaweza kuwaka sawasawa na uvimbe. Matezi ya mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi huweza kuwaka vilevile. Katika nchi zetu, doa linalong'aa ni mwaliko wa kuchukua kinyama na kukipeleka maabara. Daktari anayemtangazia mgonjwa kwamba saratani imesambaa kwa kutazama rangi za picha tu amekimbilia hukumu.

Kuna pia saratani zisizo walafi. Ya tezi dume mara nyingi haiwaki vizuri kwa sukari, na hutafutwa kwa dawa nyingine inayonasa protini iitwayo PSMA. Utafiti wa Australia wa mwaka 2020, kwa wanaume 302 wenye saratani ya hatari kubwa, uliipa njia hiyo usahihi wa asilimia 92, dhidi ya 65 ya skani za kawaida. Kwa hiyo mzee akiambiwa "nenda kapige PET", haki yake ni kuuliza: ya dawa gani?

Wapo wanaosema fedha hizi zingewekwa kwanza kwa wataalamu wa patholojia, wale wanaochunguza vinyama maabara, na mashine za mionzi. Nakubaliana nao nusu. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwishathibitishwa kwa kinyama, na ambaye hatua yake ya ugonjwa inatosha kuamua tiba, hapaswi kusubiri mionzi wakati familia inachanga pesa za picha. Nusu nyingine nawapinga: mgonjwa wa limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani ya matezi, ambaye PET baada ya duru mbili za kemo inaweza kumpunguzia dawa kali, hawezi kuambiwa asubiri mpaka kila kaunti iwe na maabara.

Matumizi ninayoyaona dhaifu kuliko yote ni ya kumrudisha mtu aliyemaliza tiba, asiye na dalili yoyote, "tuone tu". Na hata penye sababu, wakati una uzito wake. Wale Waingereza walisubiri wiki 12 baada ya matibabu ndipo wakapiga picha, kwa kuwa mionzi huacha uvimbe wa muda ambao nao huwaka. Mgonjwa wa shingo anayeitwa wiki ya nne analipia picha ya kidonda kinachopona.