Gwiji wa nani? Kibadeni, Kaseja, Mayele na ubishi wa Kariakoo

Waulize mashabiki watatu wa Simba, wa rika tatu tofauti, wakutajie gwiji mmoja wa klabu yao. Mzee aliyevuka miaka 60 atasema Abdallah Kibadeni kabla hujamaliza swali. Mtu wa miaka 40 na ushei atasema Juma Kaseja, halafu atasita kidogo. Kijana atasema Clatous Chama, au angesema hivyo hadi Julai 2024, Chama alipotambulishwa Yanga. Vuka uende Jangwani, kwa watani wao wa jadi Yanga, mambo ni yale yale: wazee wana Sunday Manara, wa katikati wana Nadir Haroub 'Cannavaro', vijana wana Fiston Mayele.

Ubishi huu mara nyingi huishia kwenye kejeli. Wazee wanasema vijana wanashabikia wapita njia, vijana wanajibu kwamba wazee wanasifia watu ambao hata klipu moja hawana. Ukiziondoa kejeli hizo, unabaki na swali la maana: gwiji anapimwa kwa miaka aliyokaa au kwa siku aliyoing'arisha?

Wanaopima kwa miaka hawajakosea. Cannavaro alitua Yanga mwaka 2006 na kuondoka uwanjani 2018. Alibeba mataji ya ligi akiwa beki wa kati na nahodha, lakini si hilo linalomweka moyoni mwa watu. Alikuwepo klabu ilipofungwa 5-0 na Simba Mei 2012, alikuwepo mfadhili Yusuf Manji alipokuwa akimwaga fedha, na alikuwepo Manji alipojiuzulu uenyekiti 2017 na mishahara ikaanza kuwa kitendawili. Shabiki hawezi kuhama timu. Anapomwona mchezaji naye hahami, anamwona ndugu.

Tatizo la kipimo hiki ni kwamba kinawabeba na wasiostahili. Wapo wachezaji waliokaa klabu moja miaka mingi kwa sababu tu hakuna mwingine aliyewataka, na hilo mashabiki wanalijua ingawa kwenye sherehe ya kuwaaga huwa halisemwi.

Turudi kwa Kibadeni, maana kwake ndiko siku moja ilikoshinda kila kitu. Julai 19, 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, yeye akafunga matatu. Miongo kadhaa ilipita bila mchezaji mwingine kufunga matatu katika mechi ya watani. Alikuwemo pia katika kikosi cha Simba kilichofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974 na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti, na mwaka 1993 aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF akiwa kocha. Kwa wasifu mkubwa kiasi hicho ungetegemea watu wabishane juu ya nusu fainali ile. Hapana. Wanataja sita.

Shabiki wa Yanga anayejua historia yake ana la kujibu. Mwaka 1976 Yanga ilipasuka, nyota wengi wakaondoka na ikazaliwa Pan African. Timu iliyopigwa sita mwaka uliofuata haikuwa ile iliyoifunga Simba 2-1 pale Nyamagana, Mwanza, Agosti 1974, siku ambayo Gibson Sembuli na Sunday Manara walifunga. Ni utetezi wa haki kabisa, na sijawahi kuona ukimsaidia mtu kijiweni. Ukishaanza kueleza mgogoro wa 1976 mbele ya shabiki wa Simba, umeshafungwa la saba.

Hapo ndipo ninapokipata kipimo changu. Kumbukumbu za mpira wetu hazikuhifadhiwa vizuri kwenye makabati ya klabu wala kwenye kanda. Zimehifadhiwa kwenye utani. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, kwa hiyo mashabiki wengi wa zamani, hasa wa mikoani, walimfahamu Kibadeni kupitia redio na simulizi. Jina linalodumu ni lile ambalo shabiki wa timu moja akilitaja, wa timu ya pili anabadilika sura. Gwiji anachaguliwa na wa kwake, lakini anathibitishwa na mtani.

Kwa kipimo hicho, kesi ngumu kuliko zote ni ya Kaseja. Mwaka 2003 Simba ilikwenda Cairo kuikabili Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, ikiwa na bao moja la nyumbani. Ikafungwa 1-0, mechi ikaenda kwenye penalti, Kaseja akazipangua na Simba ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Aliyekuwa na redio usiku ule hahitaji kukumbushwa. Miaka tisa baadaye, katika ile 5-0, golikipa huyohuyo alitoka langoni mwake, akavuka uwanja mzima kwenda kupiga penalti dhidi ya Yanga, akafunga. Hebu fikiria ulikuwa jukwaa la Yanga, tayari mko chini, halafu unamwona kipa wa mtani anakuja taratibu kuwaongezea.

Ila Kaseja alivaa pia jezi ya Yanga, tena mara mbili. Alikwenda huko 2008 na kurejea Msimbazi, nyumbani kwa Simba, msimu uliofuata. Simba ilipoachana naye 2013, akarudi Jangwani, na Desemba mwaka huo alikuwa langoni Simba ilipoifunga Yanga 3-1 katika mechi ya Nani Mtani Jembe. Waliokuwa wakiimba jina lake sasa wakawa wanashangilia mipira inayompita. Ndiyo maana shabiki wa miaka 40 anasita.

Wanaosema kuvuka kunafuta kila kitu wana msimamo rahisi kuuelewa. Siuafiki. Mchezaji anaishi kwa mkataba, na mara nyingi klabu ndiyo inayoanza kumwonyesha mlango. Mshambuliaji wa Simba Emmanuel Okwi aliuzwa Étoile du Sahel ya Tunisia mwaka 2013, ukazuka mgogoro mrefu wa malipo, akaibukia Yanga, kisha akarudi Simba na baadaye kuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2017/18 kwa mabao 20. Mashabiki walimsamehe kwa sababu alirudi na akafunga. Kaseja hakupata nafasi ya kumalizia hivyo. Lakini penalti za Cairo hazikupigwa na Yanga, na hakuna usajili unaoweza kuzihamisha. Kwangu mimi ni gwiji wa Simba, na anayesita anamnyima mtu haki yake.

Vijana nao wana hesabu yao, na wazee huipuuza bila sababu. Mayele aliichezea Yanga misimu miwili tu, 2021 hadi 2023, akaenda Pyramids ya Misri. Katika misimu hiyo aliifunga Simba kwenye Ngao ya Jamii mwaka 2021, mwaka uliofuata akaifunga mawili kwenye mechi hiyohiyo, na 2023 aliongoza kwa mabao saba katika Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga ilipofika fainali na kuukosa ubingwa mbele ya USM Alger kwa bao la ugenini tu. Kisha kulikuwa na kutetema: anafunga, anasimama, mikono na mabega vinatikisika kama mtu mwenye homa, na uwanja mzima unamfuata. Kulitoka uwanjani kukafika kwenye harusi. Kwa mtoto aliyeanza kushabikia Yanga wakati Simba ilipokuwa ikichukua mataji manne mfululizo kuanzia 2017/18, Mayele ndiye aliyemrudishia heshima shuleni. Utamwambiaje kwamba misimu miwili haitoshi?

Chama pia. Desemba 2018 Simba ilihitaji kupindua kipigo cha 2-1 kutoka kwa Nkana ya Zambia. Ilikuwa 2-1 Dar es Salaam, dakika zinayoyoma, akafunga kwa kisigino. Simba ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika na kufika robo fainali, na tangu hapo mashabiki wake wakaanza kudai makundi kama haki yao. Bao lile lilibadilisha matarajio ya klabu nzima. Akarudi kutoka RS Berkane ya Morocco wakampokea kama mtoto wa nyumbani, akaenda Yanga wakamfuta. Nadhani baada ya muda watamrudisha kimyakimya.

Kinachowatenganisha vizazi, basi, naona ni njaa ya kila kimoja. Walioshabikia miaka ya 70 walitaka kumfunga mtani, wakampata Kibadeni. Walioteseka na unyonge wetu mbele ya Waarabu walimpata Kaseja. Waliokuja baadaye wanataka Afrika, na wanampenda yeyote anayewafikisha huko, awe wa Kigoma au wa Lusaka. Siwezi kumlaumu mtu kwa njaa aliyozaliwa nayo.

Lakini kipimo cha mtani kinakata pande zote, na kwa Mohamed Hussein 'Tshabalala' kinaumiza. Alijiunga na Simba 2014, akacheza beki ya kushoto miaka 11, akawa nahodha, akabeba mataji, na 2025 akaiongoza hadi fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane. Miezi michache baadaye akatambulishwa Yanga. Wengi wanasema ugwiji wake umeishia hapo. Mimi naona ulikuwa bado haujakamilika hata kabla ya kuvuka: miaka anayo, alichokosa ni siku moja ambayo shabiki wa Yanga akiikumbuka ananuna. Siku hiyo bado anaweza kuipata, ila safari hii watakaonuna ni wa Msimbazi.