Kuumbi si pango la kuchungulia na kuondoka

Nilipomwambia binti yangu kwamba likizo hii tunakwenda Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja lilipo Pango la Kuumbi, na safari si ya kuogelea, aliniuliza: "Mama, huko pangoni kuna nini zaidi ya mawe?" Sikumjibu siku ile. Swali lake ni la haki. Ukiingia Pango la Kuumbi bila ya kujua unachokanyaga, kweli hutaona zaidi ya mawe, mizizi na kiza.

Ndivyo nilivyoingia mimi mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi. Tulifikishwa jua la utosi, tukaambiwa "hapa zamani waliishi watu", wenzetu wawili wakaandika majina yao ukutani kwa mkaa, na nusu saa haijatimia tushapanda gari tunarudi mjini. Zamani ipi, hakuna aliyesema. Mimi nilidhani ni zamani za masultani. Safari ile inaniuma mpaka leo: nilisimama juu ya miaka 20,000 ya maisha ya watu na sikujua.

Kwa hivyo mara hii nimeanza kupanga mapema, na ninawaomba wazazi wenzangu na maalim wa skuli wafanye hivyo hivyo. Kazi kubwa ya ziara ya Kuumbi ifanyike nyumbani, kabla mtoto hajavaa raba zake.

Sisi tulianza na ramani. Niliwachorea watoto Unguja na Bagamoyo, kisha nikaifuta bahari iliyo katikati. Katika zama za barafu, maji ya bahari duniani yalishuka zaidi ya mita 100, na mkondo huu wetu una kina kifupi. Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Ndiyo maana waliofukua sakafu ya Kuumbi walikuta mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hata bibi zetu hawakuwa nao katika hadithi zao za shamba. (Pemba ina habari yake nyengine. Mkondo wake ni wa kina kirefu mno, na kisiwa kile kilikatika na bara zamani zaidi. Mwanangu mdogo, ambaye bibi yake ni wa Wete, aliposikia hivyo alitaka ramani ya pili, na nikamchorea.)

Kilichowashika zaidi ni mishale. Humo pangoni zilipatikana ncha nyembamba zilizochongwa kwa mfupa, za miaka ipatayo 13,000. Watafiti waliozichunguza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waliona kwamba ncha nyembamba kiasi kile peke yake haziwezi kumwangusha mnyama mkubwa, na wakapendekeza kuwa zilipakwa sumu. Fikiri mtu huyo, hapo hapo Jambiani, anajua mti gani una sumu na jinsi ya kuitumia na bado nyama ikalika. Huo ni ujuzi wa kufundishwa, mzee kwa kijana. Binti yangu aliacha kuuliza habari ya mawe.

Sikuwaficha kwamba wataalamu hawakukubaliana. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba Kuumbi mwaka 2005, na kwa maoni yake watu wa pangoni walikuwa na mifugo maelfu ya miaka iliyopita. Mwaka 2012 mradi mwengine wa utafiti, Sealinks, ukachimba tena, ukapima umri upya, ukaona vyengine: bahari ilipopanda na Unguja ikawa kisiwa, pango likahamwa kwa muda mrefu sana, na watu wakarudi karibu na karne ya 7, wakiwa na vyungu kama vya vijiji vyengine vya pwani ya wakati ule. Mimi naona upimaji wa pili una nguvu zaidi. Lakini nataka watoto wajue kuwa historia yetu inajadiliwa bado, na aliyeanza kuifukua pale Kuumbi ni mtaalamu wa nchi hii hii.

Jambo la pili la kupanga ni adabu. Kuumbi ni mzimu pia, yaani pahala pa matambiko. Wapo wenyeji wanaokwenda pale na ubani na dua zao, na mgeni, hata akiwa Mzanzibari wa mjini, hana ruhusa ya kuwacheka wala kugusa walichokiweka. Hatutokwenda pangoni moja kwa moja. Tutapita kijijini, tutatoa shikamoo zetu, tutamtaka mwongozaji wa hapo hapo na tutamlipa ada yake bila ya kuvutana. Yeye ndiye anayelilinda pango mwaka mzima. Na kigae au mfupa ukionekana chini, ubaki ulipo. Kitu kikiondolewa mahali pake, inakuwa vigumu zaidi kwa mtaalamu kusoma umri wake na habari zake.

Mengine ni mepesi: gari ya asubuhi, kurunzi kwa kila mtu, viatu vya kufunga kwa sababu njia ya maweni inakata miguu, maji ya kutosha, na kanga ya kukalia. Nataka tukae. Nimewaambia watoto watakaa kimya dakika kumi ndani ya pango, macho yazoee kiza, kila mmoja achague pahala ambapo angewasha moto wake kama angekuwa mmoja wa wale wawindaji, na aniambie kwa nini.

Jioni tukirudi mjini tutashuka Forodhani. Watoto watapata juisi ya miwa, na mimi nitawaonesha magharibi, kule bara iliko. Walipopita punda milia ni pale.